Pazia Mbele ya Spika

Kusini-mashariki mwa jimbo la Michigan, Marekani, kuna kikundi cha wapenzi wa vyombo vya kusikilizia muziki kilichojipa jina refu la utani: Southeastern Michigan Woofer and Tweeter Marching Society. Ukilisikia unaweza kudhani ni bendi ya gwaride iliyoacha tarumbeta ikabeba spika. Mwaka 1977 kikundi hicho kilikwama kwenye ubishi. Je, amplifaya mbili zilizotengenezwa vizuri, zikiendesha spika zilezile kwa sauti ileile, zina tofauti ambayo sikio linaweza kuikamata? Walikuwapo walioapa kwamba tofauti iko wazi mchana kweupe. Walikuwapo pia waliosema kinachosikika hapo ni bei.

Ubishi wa namna hiyo kwa kawaida huishia mmoja kanuna, mwingine kaaga mapema. Wale wa Michigan walitengeneza kisanduku.

Wanakikundi, akiwamo David Clark, waliunda swichi yenye nafasi tatu. A ni amplifaya ya kwanza, B ni ya pili, na X ni mojawapo ya hizo mbili, ila anayechagua ni kisanduku chenyewe na hakimwambii mtu. Anayejaribiwa anaweza kwenda A, akahamia B, akarudi X, mara nyingi apendavyo, kwa muziki anaoujua. Kisha anaandika: X ni A, au X ni B. Anarudia hivyo mara 16. Akipatia mara 12, ajue kwamba kubahatisha peke yake kungemfikisha hapo au zaidi karibu mara 4 tu katika kila 100, kwa hiyo ana hoja. Akipatia 8, hana tofauti na aliyekuwa akirusha sarafu. Wazo la A, B na X watafiti wa Bell Labs walikwisha kuliandika mwaka 1950. Kilichokuwa kipya ni kwamba watu wa hobi, bila maabara, walilileta sebuleni, na mwaka 1982 Clark akakieleza kifaa chao kitaalamu katika jarida la Audio Engineering Society.

Kuna sharti moja la jaribio hilo ambalo wabishi wengi hulisahau. Kabla ya kuanza, sauti za amplifaya zote mbili husawazishwa kwa mita mpaka tofauti yao isizidi sehemu moja ya kumi ya desibeli. Sababu ni kwamba sikio likipewa muziki uliopanda kidogo tu, halisemi umepanda. Linasema una uhai zaidi, besi imekaza, mwimbaji amesogea mbele. Mtu anayebadilisha chombo nyumbani kwake bila kusawazisha sauti husikia tofauti ya kweli kabisa, akaibandikia sababu isiyo yake.

Ubishi wa hai-fai, yaani wa vyombo vya kusikilizia muziki kwa ubora wa juu, umegawanyika kambi mbili za zamani. Moja inasema chombo hupimwa kwa mashine, nyingine inasema hupimwa kwa sikio. Wanagombana juu ya valvu na transista, santuri na CD, waya za spika na hata waya za umeme. Mtu wa pembeni anaweza kucheka, lakini joto la ubishi huo lina asili. Aliyejinyima miezi kadhaa akanunua waya wa bei kali, ukimwambia waya huo hauna lolote, hujazungumzia waya tena, umemwambia amepigwa. Na mhandisi aliyesomea sakiti miaka minne, ukimwambia vipimo vyake havisikii muziki, umemwambia elimu yake bure. Hapo hakuna anayetafuta jibu, kila mmoja anaokoa uso.

Ndiyo maana kisa cha Bob Carver kinafaa kusimuliwa taratibu.

Carver alikuwa mtengenezaji wa amplifaya za transista za bei ya wastani. Mwaka 1985 alikwenda Santa Fe, New Mexico, yalikokuwa makao ya jarida la Stereophile. Jarida hilo lilianzishwa mwaka 1962 na J. Gordon Holt, mtu aliyeshikilia kwamba kazi ya chombo cha muziki ni kusikilizwa, kwa hiyo hakimu wake ni sikio. Carver aliweka ahadi mezani: chagueni amplifaya yoyote, ya bei yoyote, nami katika saa 48 nitaifanya hii yangu ilie kama hiyo yenu, msitambue ipi ni ipi. Holt na mwenzake Larry Archibald wakachagua amplifaya ya valvu ya bei ya kutisha. Carver akajifungia katika chumba cha moteli na vipuri vyake.

Alivyofanya kazi ni jambo la kutazama kwa karibu. Alizilisha amplifaya zote mbili muziki uleule kwa wakati mmoja, kisha akaunganisha spika katikati yao kwa namna ambayo sauti ya moja inaifuta ya nyingine. Kama zinalia sawasawa, spika hiyo inanyamaza kimya. Kama zinatofautiana, inacheza tofauti tu: mabaki ya wimbo, membamba, kama redio ya jirani ukutani. Carver alisikiliza mabaki hayo, akachomoa rezista, akabadilisha kapasita, akasikiliza tena. Mwanzoni mabaki yalisikika vizuri, na wahariri, walipokaa kusikiliza, waliendelea kutambua tofauti. Carver hakuwabishia. Alirudi chumbani akaendelea kuchomelea mpaka mabaki yakashuka desibeli 70 chini ya muziki wenyewe. Safari hiyo wahariri walikaa, wakapiga santuri walizozijua, wakajitahidi kwa kila njia, wakashindwa kuzitenganisha. Wakaandika hivyo kwenye jarida lao wenyewe.

Carver angeweza kuwaambia watu wa Stereophile kwamba wanajidanganya, kwamba valvu haina sauti yake. Hakusema hivyo. Alianza kwa kukubali kwamba wanachosikia kipo, akauliza kinatoka wapi, akakitafuta kwa mita na kwa sikio pamoja. Nao wahariri walikubali mapema, kabla matokeo hayajajulikana, kwamba wakishindwa kutofautisha watasema wameshindwa. Kila upande ulikuwa na cha kupoteza: yeye jina la kiwanda chake, wao imani ya wasomaji wao. Masharti yalikuwa machache na yote yaliwekwa mezani kabla ya waya wa kwanza kuunganishwa.

Haikuishia kwa amani, isidhaniwe hivyo. Carver alipotoa toleo la kiwandani la amplifaya ile, mabishano yalizuka upya kuhusu kama inafanana kweli na ile ya moteli, na miaka michache baadaye pande hizo mbili zilikuwa zinazungumza kupitia mawakili. Kwenye sehemu ya kwanza ya kisa kulikuwa na njia ya kuamua iliyokubaliwa na wote. Kwenye sehemu ya pili haikuwapo.

Mfano wa kinyume ulitokea mwaka 2007. James Randi, mwanamazingaombwe aliyejijengea jina kwa kuwaumbua waganga na watabiri, aliwatupia watu wa hai-fai changamoto: atakayethibitisha kwa jaribio la siri kwamba anasikia tofauti ya waya za spika za Pear Anjou, zilizokuwa zikiuzwa dola 7,250, achukue dola milioni 1. Michael Fremer, mwandishi maarufu wa mambo ya santuri, akaitikia. Kampuni ya waya ikajitoa. Zikafuata barua, shutuma, na majibu ya shutuma, kila upande ukidai mwenzake amekimbia, na jaribio halikufanyika. Mashabiki wa Randi walibaki na walichoamini tangu mwanzo, na mashabiki wa Fremer vilevile. Yawezekana zawadi yenyewe ndiyo iliyoharibu. Ukiweka dola milioni 1 juu ya meza, hakuna tena anayejaribu kujua waya unafanya nini. Kila neno linageuka kifungu cha mkataba, na lugha ya kuumbuana iliyotangulia imekwisha kumaliza nafasi ya mtu kusema alikuwa hajui.

Watu wa vipimo hupenda kudhani historia yote iko upande wao. Haiko. Amplifaya za transista zilipoenea miaka ya 1960, vipeperushi vyake vilionyesha upotoshaji mdogo sana wa sauti, mdogo kuliko wa valvu nyingi. Wasikilizaji wakaguna: sauti inakwaruza, inachosha. Walijibiwa kwamba wameizoea valvu, watazoea na hii. Kumbe kulikuwa na kasoro halisi. Katika amplifaya nyingi za wakati huo, transista moja hushughulikia nusu ya juu ya wimbi la sauti na nyingine nusu ya chini, na pale zinapopokezana palikuwa na mruko mdogo. Kiwandani upotoshaji ulipimwa amplifaya ikiwa imefunguliwa karibu na mwisho, ambako mruko huo unamezwa na wingi wa sauti. Nyumbani watu husikiliza kwa sauti ya chini, na huko ndiko mruko unakokuwa sehemu kubwa ya kinachosikika. Mita haikusema uongo. Ilikuwa imeulizwa swali lisilo lenyewe.

Mwaka 1970 mhandisi wa Finland, Matti Otala, akaongeza jingine. Alieleza namna amplifaya inavyoweza kufanya vizuri kwenye mlio mmoja uliotulia wa maabara, halafu ikashindwa muziki unapopanda ghafla, kwa sababu ya njia iliyotumika kurekebisha makosa yake kwa kurudisha sehemu ya sauti ya mwisho mwanzoni. Maelezo hayo yaliwapa nguvu watu wa sikio, na kwa miaka kadhaa urejeshaji huo ukaonekana adui. Lakini mwaka 1980 Bob Cordell, mhandisi wa Marekani, akajibu kwa makala yenye hoja na sakiti: tatizo ni kasi ya amplifaya, na ukiijenga yenye kasi ya kutosha unaweza kutumia urejeshaji mwingi bila kasoro ile kujitokeza. Otala hakutukanwa. Alijibiwa kwa kitu ambacho fundi yeyote mwenye vipuri angeweza kukijenga na kukipima. Walioguna walikuwa na haki ya kuguna, aliyeeleza sababu alikuwa amefika nusu ya njia, na aliyemsahihisha alihitaji kazi yake ili asonge mbele.

Sikio nalo lina udhaifu ambao haumwachi mtu. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti waliokuwa Harman, kampuni inayotengeneza spika, waliwaita wafanyakazi 40 wa kampuni hiyohiyo wasikilize spika nne. Mara moja walisikiliza pazia likiwa limefungwa mbele ya spika, mara nyingine pazia likiwa wazi. Kati ya hizo nne kulikuwa na seti ndogo ya plastiki, ya bei ndogo. Pazia likiwa limefungwa, seti hiyo ndogo ilipata alama nzuri. Pazia lilipofunguliwa alama zake zikaanguka, na zile spika kubwa za kupendeza zikapanda. Hawakuwa watu wa kuokotwa barabarani, walikuwa wa kiwandani, na wazoefu waliyumbishwa na macho kama wasio wazoefu. Pazia lile lilikuwa la kitambaa tu kinachopitisha sauti.

Kinachovutia kwa Toole ni kwamba matokeo hayo hakuyatumia kuwaambia watu masikio yao hayafai. Aliyatumia kuyaheshimu: kwamba watu wakiondolewa jina, bei na umbo la spika, hukubaliana zaidi kuliko wanavyodhani kuhusu ipi inalia vizuri, na makubaliano hayo yanaweza kuhusishwa na vipimo. Kambi zote mbili humnukuu, kila moja kwa nusu ya aliyoyasema.

Kuhusu rekodi za dijitali zenye ubora uliozidi ule wa CD, takwimu zimefanya kazi ambayo matusi hayakuweza. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha majaribio ya kuona kama watu wanaweza kuzitofautisha na ubora wa CD, yaliyofanyika kupitia Boston Audio Society: majaribio 554, majibu sahihi 276, yaani nusu kwa nusu. Wakosoaji wakauliza swali la maana: je, rekodi zilizotumika kweli zilikuwa na ubora huo wa ziada, au baadhi zilitoka kwenye kanda za zamani? Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London akakusanya matokeo ya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, akapata kwamba watu walipatia kwa asilimia 52.3. Ni kidogo, lakini si bahati, na waliopata mafunzo walifanya vizuri zaidi. Jibu la namna hiyo halimfurahishi shabiki wa kambi yoyote, na huenda ndiyo sababu halinukuliwi sana.

Halafu kuna mwaka 2022. Mobile Fidelity, kampuni ya California inayotoa santuri za bei ya juu kwa wateja wanaoamini kwamba muziki haufai kupita kwenye dijitali njiani kutoka kanda ya studio hadi kwenye sahani, ilibainika kwamba tangu 2011 imekuwa ikiutumia mpito wa dijitali. Habari ilianzia kwa mwenye duka la santuri huko Phoenix, Arizona, aliyeisema kwenye video, kisha akaalikwa kwenda kuwahoji wahandisi wa kampuni, nao wakakubali. Kesi iliyofuata ilimalizwa kwa mapatano ya dola milioni 25. Santuri hizohizo zilikuwa zimesifiwa miaka kumi na watu walioapa kwamba dijitali wanaisikia mara sindano inapogusa sahani. Kejeli ilimwagika, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Ila waliocheka walikosa mambo mawili. La kwanza, mteja alikuwa amedanganywa kweli, hata kama sahani inalia vizuri. La pili, hao waliopenda sahani hizo walikuwa wamesema ukweli kuhusu walichosikia: zilikuwa nzuri. Kilichoanguka ni maelezo ya kwa nini. Mwenye duka yule alikwenda kuuliza, akiwa na kamera na maswali, na alipata jibu ambalo miaka ya mabishano haikuwa imelileta.

Haya si ya Wamarekani peke yao. Anayenunua sabufa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, anakutana na ubishi uleule umevaa nguo nyingine. Boksi limeandikwa PMPO wati 10,000. Hakuna kiwango kinachotambulika kinachosema wati hizo zinapimwaje, kwa hiyo kila mtengenezaji huandika anachotaka. Nyuma ya chombo, karibu na waya wa umeme, kuna kibandiko kidogo: volti 220 hadi 240, wati 60. Chombo kinachokula wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa elfu kumi kwenye spika, na kwa muziki unaoendelea hakifiki hata hizo 60.

Sasa mtu anaweka picha ya sabufa yake mpya kwenye kundi la WhatsApp, akisifia kwamba inaizidi ile ya rafiki yake yenye wati 60 za kweli kwenye amplifaya. Jibu la kwanza huwa hili: "Kaka, umeuziwa boksi." Mazungumzo yamekufa hapo, na huenda aliyejibu amekosea. Wati peke yake hazisemi chombo kinapiga kwa nguvu kiasi gani. Spika inayotoa desibeli 92 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1, ikipewa wati 20, inafika desibeli 105. Spika ya desibeli 86, hata ikipewa wati 60, inaishia karibu 104. Mwenye sabufa anaweza kuwa amesikia sawa huku boksi lake likisema uongo, na fundi mzee katika kundi hilo, badala ya kumcheka, angeweza kumwambia: "Mwanangu, piga picha kibandiko cha nyuma, na hiyo spika yenyewe, tuone."

Marekani ilikwisha kupita kwenye vurugu hiyo ya wati. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliweka kanuni inayowataka watengenezaji wa amplifaya za nyumbani kueleza wati zao zimepimwa kwa masharti gani, na mwaka 2024 kanuni hiyo ikarekebishwa ili masharti yawe mamoja na mnunuzi aweze kulinganisha. Kundi la WhatsApp halina tume. Lina simu. Programu ya bure ya kupima desibeli haina usahihi wa maabara, lakini simu moja, ikiwekwa mita 1 kutoka kila spika, kwa wimbo mmoja na mahali palepale chumbani, inatosha kuonyesha ipi inapiga zaidi. Sauti isipandishwe mno wakati wa kupima, kwa sababu maikrofoni za simu nyingi hukwama kabla ya spika kufika mwisho, na hapo zote mbili zitaonekana sawa.